Bura Ipi? Majina ya Mahali katika Daftari la Ukoo



Tangu shule zilipofungwa, jamaa zetu kadhaa wametuletea madaftari ya nasaba ili tuyapitie kabla hayajapelekwa kupigwa chapa. Ni kazi njema, na tumeisoma kwa furaha. Majina ya watu yamepangwa kwa uangalifu, fulani bin fulani, mpaka babu wa saba, na kwa wengine mpaka wa kumi na tano. Mahali pa kuzaliwa ndipo penye kasoro. Katika nyumba moja tulikuta ndugu wanne, tumbo moja, na kila mmoja ameandikwa kivyake: wa kwanza Garissa, wa pili Garisa, wa tatu Gaarisa, wa nne Tana River. Msomaji atakayelifungua daftari hilo miaka hamsini ijayo, wakati sisi na wao tumekwisha fukiwa, atadhani mama yao alikuwa msafiri asiyetulia. Kumbe watatu aliwazaa mjini Garissa na wa nne ng'ambo ya daraja, mwendo ambao mtu huumaliza kwa miguu kabla ya adhuhuri.

Twawaandikia hasa nyinyi kina mama, na sababu yake ni hii. Huku kwetu Garissa mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi kabla hajajua kushika kalamu. Atakuhesabia baba zake mmoja mmoja bila kusita. Ni hazina kubwa, wala hatuidharau. Lakini isikilizeni vizuri: ni mlolongo wa wanaume peke yao. Mama hayumo, na mahali hapamo. Hamna kisima, hamna mto, hamna mji. Sisi watu wa Pwani nasi hatuwapiti kwa mengi. Humwita mtu Mbarawa kwa vizazi vitano bila kuuliza kama yupo hata mmoja wa ukoo wake aliyewahi kuiona Barawa. Anayejua kwamba mtoto alizaliwa wakati mifugo imeshushwa mtoni, chini ya mti gani, siku ngapi kabla ya mvua, ni yule aliyemzaa, au dada yake aliyemshika mkono, au mkunga. Wanaume walikuwa kwa ngamia. Bibi zenu wakiondoka na majina hayo vifuani mwao, hakuna ofisi yoyote ya kuyaomba.

Wala jambo hili si geni katika elimu yetu. Mwaka 615 Hijria, sawa na 1218, Yaqut al-Hamawi alikuwa katika mji wa Marw, akaulizwa juu ya Hubasha, soko la Waarabu wa zama za kabla ya Uislamu. Yeye alilitamka kwa dhumma. Mwanachuoni mmoja wa hadithi akashikilia kwamba ni fat-ha. Kutokana na ubishi huo wa irabu moja Yaqut akaazimia kutunga Muujam al-Buldan, kamusi kubwa ya miji na nchi. Humo hakuridhika kuandika jina kwa herufi zake tu. Alieleza kwa maneno kila herufi yasomwaje, hii ina fat-ha, ile ina sukuni, kwa kuwa nukta huhama na irabu hudondoka mtu anaponakili. Kisha akatunga kitabu kingine kizima juu ya mahali panaposhirikiana jina moja ilhali pako mbalimbali. Yaqut mwenyewe alitekwa akiwa mtoto, akauzwa Baghdad kwa mfanyabiashara. Hudhani nyakati nyingine, wala si hoja ya kielimu, kwamba mtu aliyeng'olewa kwao ndiye anayeona uchungu wa jina la mahali kuandikwa ovyo.

Sasa tuje Bura, maana ndipo jambo hili lilipotugusa nyumbani.

Kenya ina Bura tatu tunazozijua. Ipo Bura ya Taita, kwenye njia ya Voi kwenda Taveta, penye misheni ya zamani ya Kikatoliki. Ipo Bura ya ukingo wa magharibi wa mto Tana, penye mradi wa kumwagilia mashamba maji, nayo imo katika Kaunti ya Tana River. Na ipo Bura ya ukingo wa mashariki, katika Fafi, Kaunti ya Garissa. Hesabu pia Buna iliyoko Wajir, ambayo karani mwenye mwandiko wa haraka huweza kuigeuza Bura kwa mkato mmoja wa kalamu.

Ami yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliandika daftari la ukoo kwa Kiswahili cha khati za Kiarabu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa yeyote kati yetu. Katika ukurasa wa jamaa za upande wa mama yake aliandika kwamba ndugu mmoja alihamia Pwani, na kaka yake akabaki. Kisha akataja mahali kwa be, wau, re na alifu. Wanaozijua khati zetu za kale watafahamu ugumu wake. Dhumma moja hubeba o na u, na m iliyo mbele ya b mara nyingi haiandikwi. Neno hilo laweza kusomwa Bura, Bora, Mbura au Mbora, na yote manne yatakuwa sawa kwa macho.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejali. Kisha yule ndugu aliyehamia Pwani akafariki Malindi. Aliacha mjane na mabinti wawili. Hakuwa na mwana wa kiume, na wazazi wake na ndugu zake wote, wanaume kwa wanawake, walikuwa wametangulia. Mwaijua hesabu yake. Mjane ana thumni, mabinti wana thuluthi mbili. Mali ikigawanywa mafungu 24, mjane apata 3, mabinti 16, na mafungu 5 hubaki. Hayo matano ni haki ya asaba, na asaba wa karibu walikuwa wana wa kaka yake, yule aliyebaki mahali pa be, wau, re na alifu. Tena binti mdogo alikuwa ana posa. Baba hayupo, babu hayupo, kaka hana, ami hayupo. Walii wake wa nasaba alikuwa huyo huyo mtoto wa ami asiyejulikana alipo. Mirathi na nikaha, vyote viwili vikasimama juu ya jina moja la mahali.

Vijana walikuwa tayari kukodi gari kwenda Taita. Hoja yao ilikuwa kwamba mmoja wao amewahi kuliona jina Bura kwenye kibao cha barabarani, na kibao, kwa vijana wa leo, ni dalili iliyokata shauri. Shangazi yetu, ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka themanini, alikuwa amekaa pembeni na tambuu yake. Akasema, "Wanangu, milima ya wapi hiyo? Sisi tukienda kwao tulikuwa tukivuka kwa mtumbwi kununua ndizi kwa Wapokomo." Hapo Taita ikaondoka. Tukabaki na kingo mbili za mto mmoja. Tukamwuliza, "Shangazi, mkikaa barazani jioni, jua lilikuwa likitua upande gani?" Akajibu bila kufikiri, "Likizama ng'ambo ya mto, kule kwenye ndizi." Basi nyumba yao ilikuwa mashariki ya mto, na wa kutafutwa walikuwa upande wa Fafi. Mwezi haukupita wakapatikana, ndugu wawili, wafugaji. Walipokea mafungu yao matano mbele ya mashahidi, na mkubwa wao akapanda basi kwenda Malindi kumwozesha binti ya ami yake ambaye hakuwa amemwona maishani. Kama angetoweka, kadhi angesimama mahali pake, na nikaha ingesihi. Lakini aliyekuwapo siku ile na kumwona binti yule akimtazama kijana mwenye pua ya baba yake, haelezwi tofauti.

Daftari la ami hatukulifuta. Tumeacha maandishi yake kama yalivyo, na pembeni tumeandika: Bura ya mashariki ya mto Tana, Fafi, Kaunti ya Garissa, imebainishwa na shangazi kwa habari ya mto na machweo. Huo ndio utaratibu tunaowapendekezea. Jina liandikwe kwanza kama lilivyo kwenye karatasi au kinywani mwa mzee, pamoja na makosa yake, maana kosa nalo ni ushahidi. Huonyesha karani alikuwa nani na alisikiaje. Kisha ukoo uchague tahajia moja ya kila mahali na kuishika kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, ili atafutaye Garissa asipitwe na Gaarisa. Kisha lifungwe kwenye kitu kisichohama: mto, kisima, msikiti, njia panda. Siku hizi hata simu ya mkononi hukupa nambari za mahali uliposimama, nazo zafaa kuandikwa kandoni kwa wenye kuziweza. Tahajia ipi ichaguliwe si neno kubwa. Sisi tumeshika ile ya karatasi za serikali kwa sababu ndiyo mahakama huisoma. Mwenye kupenda ya Kisomali na aishike, mradi asichanganye.

Kuchanganya huko ndiko kunakowapoteza wengi huku. Kisomali kilipata maandishi yake rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, na katika maandishi hayo c ni ain, na x ni ile ha ya kooni. Ndiyo maana Hagadera ya karatasi za Kenya huwa Xagar Dheer kwa mwandishi wa Kisomali, Dagahaley ikawa Dhagaxley, yaani penye mawe, na El Wak ikawa Ceelwaaq. Mtoto aliyesomea Mombasa akikuta Xagar Dheer katika barua ya shangazi yake hataota kwamba ndiyo Hagadera. Na miji ya pwani ya kaskazini ina majina kama nguo za arusi. Barawa ni Baraawe kwa Kisomali, Brava kwa Mtaliana, na wenyewe huiita Miini. Mogadishu ni Hamar kwa wakazi wake. Birikau ya Wabajuni ni Buur Gaabo ya Wasomali, na Waingereza waliiita Port Durnford. Majina matatu, bandari moja. Wabajuni wanaosoma jarida hili wanajua tunasema nini, kwa sababu Faza nayo ni Rasini.

Serikali nazo hubadilika juu ya ardhi isiyosogea. Mwanzoni mwa karne iliyopita Lamu ilikuwa makao makuu ya mkoa ulioitwa Tanaland, Kismayu ya Jubaland, na Mombasa ilikuwa katika Seyidie. Zote zilikuwa chini ya Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Mwaka 1925 Uingereza ikaikabidhi Italia nchi ya Jubaland. Bibi aliyezaliwa Kismayu mwaka 1922 alizaliwa katika Kenya ya Waingereza. Mdogo wake aliyezaliwa 1927, katika chumba kile kile, alizaliwa chini ya Mtaliana. Ukiwaandika wote wawili "Somalia" umeisema ramani ya leo na kuwanyima historia yao. Mwaka 1963 Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa katika ile NFD ya wakoloni, zikawa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Na Katiba ya 2010 ikaweka kaunti mahali pa mikoa. Hola nayo, baada ya wafungwa 11 kuuawa humo mwaka 1959, ilipewa jina la Galole, na jina la Hola likarudi baadaye katika zama za uhuru. Mkiona Galole katika cheti cha miaka ya sitini, msiitafute mbali.

Hapo ndipo tunapomwelewa yule mtoto wa nne aliyeandikwa Tana River. Madogo uko ng'ambo ya daraja la Garissa, lakini umo katika Tana River, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Pwani. Watu wake huuza na kununua Garissa, hutibiwa Garissa, na wakiulizwa Nairobi watokako husema Garissa. Kitambulisho cha zamani cha Kenya kina mstari wa wilaya ya kuzaliwa. Binti mmoja wa jamaa zetu alipokwenda kuomba kitambulisho chake, kadi ya baba ilisema Garissa na ya babu ikasema Tana River. Ofisi moja, ambayo hatutaitaja, ikamwuliza nyinyi ni watu wa wapi hasa, ikamrudisha nyumbani mara tatu. Wasomali wa Kenya hawakuanza jana kuulizwa swali hilo. Wenye umri wetu wanaukumbuka ule uchunguzi wa 1989 na kadi zake za rangi ya waridi. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini mjini Wajir tangazo la kuondoa uchunguzi maalumu wa waombaji vitambulisho wa kaunti za mpakani, na tumeshukuru. Lakini karatasi za babu zetu bado zinasema zinavyosema, na karatasi zinazogombana zitamchelewesha mtoto popote. Nyumba ya binti yule sasa imeandika: Madogo, ng'ambo ya daraja la Garissa, Wilaya ya Tana River, Mkoa wa Pwani, sasa Kaunti ya Tana River. Maneno mengi, lakini hayaachi swali.

Kwa waliozaliwa kambini tangu 1991 twaongeza neno dogo. "Dadaab" ni jina la mji na ni jina la jumla la kambi zote. Andikeni kambi yenyewe: Ifo, Dagahaley au Hagadera. Hagadera hata imo katika eneo bunge la Fafi, si la Dadaab.

Kijana mmoja wa darasa letu aliuliza kama inafaa jina la El Wak libadilishwe katika daftari lao, kwa kuwa maana yake ni kisima cha Waaq, na Waaq ndilo jina watu wa nchi hii walilomwitia Mungu kabla ya Uislamu. Ghera yake ni njema, lakini tulimkataza. Katika nasaba ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, yumo babu aitwaye Abdu Manafi, na Manafi lilikuwa sanamu. Wanavyuoni walioipokea nasaba hiyo hawakulipamba jina. Madina nayo ilikuwa Yathrib. Jina likabadilishwa, na bado la zamani limehifadhiwa ndani ya Qur'ani yenyewe. Isitoshe El Wak ziko mbili, moja Kenya katika Kaunti ya Mandera na moja Somalia, zimetazamana na mpaka uko kati. Shida ya daftari lake ilikuwa hapo, kujua ni El Wak ya upande gani, na hakuwa ameiandika.

Yapo majina ambayo kuyaandika vizuri ni zaidi ya kupanga nasaba. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa Garissa, vikosi vya usalama viliuchoma moto mtaa wa Bulla Kartasi, na watu wakakusanywa katika uwanja wa shule. Sisi tulikuwa wadogo. Wazee huuita msiba huo Garissa Gubay, Garissa iliyoungua. Februari 1984 ikafuata Wagalla, kiwanja cha ndege nje ya mji wa Wajir. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa 2013, imeyataja yote mawili. Lakini angalieni madaftari ya nyumbani. Tumeona Bulla Karatasi, Bula Kartas, na mara nyingi zaidi "Garissa" tu. Kartasi ya Kisomali na karatasi yetu ni neno moja, qirtas ya Kiarabu, basi si ajabu Mswahili akalivuta upande wake. Hata hivyo mtaa ule una jina lake. Mjane anayeandika kwamba mumewe alifia Garissa mwaka 1980 ameandika jambo ambalo lingeweza kuwa homa. Akiandika Bulla Kartasi, Garissa, Novemba 1980, wajukuu hawatahitaji kuuliza. Kina mama wawili walituambia wanaogopa kuliandika. Hatukuwalazimisha, tuliwaomba tu wamwambie binti mmoja aliye mwaminifu, kwa jina kamili.

Katika daftari la ami limebaki jina moja tusiloliweza. Mama mzaa bibi yetu ameandikwa kuwa alizaliwa Ng'ambo. Ng'ambo ya wapi? Kwa mtu wa Garissa, ng'ambo ni Madogo. Kwa mtu wa kisiwa cha Mombasa ni Likoni au Kisauni. Kwa mtu wa Unguja, Ng'ambo ni jina kamili la mtaa, mashariki ya Mji Mkongwe. Ami hakuandika alilisikia akiwa wapi. Shangazi, aliyemwahi bibi huyo utotoni, anakumbuka tu kwamba alikuwa akila samaki wa bahari huku akinung'unika kuwa hawana ladha kama wa kwao. Hilo latuvuta kwenye mto, lakini ladha ya samaki haitoshi kujaza ukurasa wa nasaba. Tumeandika: Ng'ambo, mahali hapajabainika, limesikiwa na shangazi kwa bibi yake. Tumeacha mistari mitatu mitupu chini yake. Ikiwa kati yenu yupo ambaye nyumbani kwao lilitamkwa jina hilo, na mtamkaji alikuwa mtu wa mtoni, atuletee habari kupitia kwa mhariri.